Kilo 7 za mkononi tu, watu wanne tunaendaje Mwanza?

MamaWawili: Jamani tunaenda ukweni wiki nzima na watoto wa miaka 3 na 6, tiketi zetu za ndege kilo 7 za mkononi tu kila mtu, begi la chini, lile la tumboni mwa ndege, unalipia. Nguo zitaenea kweli?

Mzururaji: Zinaenea dada. Mtoto akishapita miaka 2 ana siti yake na kilo zake, jumla mna 28 hapo. Viringisha nguo, jinzi na raba nzito vaeni mwilini, zingine mtafulia hukohuko bana.

Kaka_Mizigo: Pawabanki ikae kwenye begi la mkononi, kwenye begi la chini hairuhusiwi.

MamaWawili: Na dagaa wa kurudi nao?

Mzururaji: Hao sasa lipia kilo mapema mtandaoni, kaunta bei kali, na ufunge vizuri wasinuke.