Mrejesho: laptop iliyokwama kwenye difragi

Wakuu habari zenu, nimerudi kama nilivyoahidi. Mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini difragi (ile kazi ya kuunganisha vipande vya mafaili vilivyotawanyika kwenye diski) kwenye laptop yangu ya Windows 7 imekesha siku mbili na bado iko asilimia 12. Asanteni sana kwa kunijibu.

Nilianza na kupunguza mafaili maana diski ilibaki na nafasi asilimia 4 tu na difragi inataka angalau 15, nikahamishia muvi na picha kwenye eksteno (diski ya nje), nikazima antivairasi, ikasogea mpaka 31 halafu ikaganda tena. Hapo ndo nikamsikiliza yule ndugu aliyesema niachane na difragi nipige chkdsk /r kwanza, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Ilichukua usiku mzima, ikakuta sekta mbovu kibao, yaani sehemu za diski zilizoharibika. Kumbe diski yenyewe ndo inakufa, na ile difragi inavyosoma na kuandika muda wote ilikuwa inaimalizia!

Nimeweka SSD (diski ya chipu, haina sehemu inayozunguka) ya GB 240 na Windows upya, sasa inawaka fasta. Picha za harusi ya dada zimepona zote, ila folda moja ya kazi imegoma kufunguka mpaka leo, imeniuma sana. SSD siifanyii difragi, haihitaji, inachakaa bure tu. Mbarikiwe sana wakuu.