Naomba ushauri: disko za zamani kwenye jubilei Marangu, nizifanyie rimiksi vipi wazee na wajukuu wacheze pamoja?

DJ_wa_Rau

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni DJ, kazi zangu nyingi ziko Moshi: harusi, sendofu, kipaimara. Desemba watu wakishapanda kuja kuhesabiwa nina shughuli Marangu, jubilei ya miaka 50 ya ndoa. Wazee walifunga 1975. Aliyenipa kazi ni mtoto wao mkubwa na masharti yake ni mafupi: baba na mama walikuwa watu wa disko ujanani, hataki wakae kwenye viti vya plastiki usiku kucha wakitazama wajukuu wanacheza amapiano. Papo hapo hataki wajukuu wahamie kwenye magari yao na spika zao kisa DJ anapiga nyimbo za babu. (Waliowahi kula ndafu mgombani Desemba wanajua hilo la magari.)

Nimeona dawa ni rimiksi. Ninazo Boney M, Bee Gees, Chic, Gloria Gaynor na Donna Summer kidogo. Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. "Daddy Cool" nimeshatenganisha waimbaji na vyombo, nikaweka ngoma za amapiano chini yake. Kwenye hedifoni iko poa. Kwenye spika kubwa waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pipa la maji, na huku chini kunavuma tu, besi hujui ipi ni ipi. Halafu biti yangu na wimbo vinaanza pamoja vizuri, baada ya muda vinapishana.

Naomba kujua: mwendo niuweke wapi, huko kupishana kunatibika vipi, na nikishamaliza naweza kupandisha YouTube nikapata chochote?

Chalii_wa_Ngarenaro

Mangi weka singeli tu. Mapigo 200 na kitu kwa dakika, babu anashuka Marangu mpaka Himo bila gari.

Mama_Kiborloni

We mtoto, na nyonga ya babu utampeleka wewe hospitali ya KCMC?

Fundi_Sakina

Tuanze na hilo pipa. Faili umelitoa wapi? Kama umelivuta mtandaoni likiwa limeshabanwa, usitegemee miujiza. Programu ya kutenganisha sauti haina kanda ya studio yenye mwimbaji peke yake. Inachukua sauti iliyokwisha kuchanganywa na kukisia kipi ni mdomo, kipi ni gitaa. Ukiipa faili lililokwisha kupoteza nusu ya uhai wake, inakisia juu ya makisio. Tafuta CD, au nunua faili ambalo halijabanwa.

Hata ukilipata, usimwache mwimbaji uchi. Rudisha wimbo wenyewe chini yake kwa sauti ya wastani, ukate besi yake tu. Matoazi, vinanda na mwangwi wa wimbo vitafunika matundu yote yaliyoachwa na programu. Watu wengi wanakosea hapa: wanadhani rimiksi lazima ianze na sauti tupu.

Kuvuma huko chini ni log drum (ile besi ya kugonga ya amapiano) na gitaa la besi vinagombania sehemu moja. Amua nani abaki. Kwenye disko mimi huwa namwacha mpiga besi, kwa sababu mara nyingi besi ndiyo wimbo wenyewe. "Good Times" ya Chic ukiitoa besi ya Bernard Edwards umebaki na nini? Mwaka ule ule wa 1979 Sugarhill Gang walitengeneza "Rapper's Delight" juu ya mstari ule ule wa besi. Log drum iingie pale besi inaponyamaza, au ngoja uifikishe mwishoni kabisa besi ikiwa imetoka. Na uipange kwenye noti za wimbo. "Good Times" inazunguka E minor na A, kwa hiyo log drum yako iangukie E na A. Vijana wengi wanaburuta sampuli wanaiacha ilivyo, halafu wanashangaa kwa nini inasikika chafu.

Mwendo: amapiano iko 110 mpaka 115 hivi. "Good Times" iko karibu 111, hiyo huigusi. "Stayin' Alive" iko kama 104, ukiipandisha mpaka 110 hakuna atakayekushtaki. Ila "Daddy Cool" inapita 120. Ukiivuta ishuke mpaka 113 ule mzaha wake wote unakufa, inakuwa wimbo wa kusindikiza msiba. Hiyo iache huko huko ilipo, iwekee ngoma za hausi ya kwetu Afrika. Wajukuu wanaijua hausi pia, si amapiano peke yake.

Santuri_na_Kanda

Fundi kamaliza upande wa chini. Mimi niseme hili la kupishana.

Nyimbo hizo zilipigwa na watu wenye mikono. Mpiga ngoma akifika kwenye kiitikio anachangamka, mwendo unapanda kidogo, ubeti ukirudi unashuka. Kompyuta yako haichangamki. Usitafute mwendo mmoja wa wimbo mzima. Weka alama kwenye pigo la kwanza la kila bar nne (bar moja ni mapigo manne), kisha uamue: ama unaulazimisha wimbo ufuate kompyuta, ama unaifanya kompyuta imfuate mpiga ngoma. Mimi nachagua la pili kila ninapoweza. Ukiunyoosha wimbo wote, utamu unapungua na hutajua umekwenda wapi.

"Stayin' Alive" ni tofauti. Mpiga ngoma wa Bee Gees hakuwepo siku hizo, wakachukua kipande cha ngoma kutoka kwenye "Night Fever", wakakata kanda na kuiunga iwe duara, ikazunguka wimbo mzima. Kwenye jalada wakaandika mpiga ngoma ni "Bernard Lupe", mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana ukiiweka kwenye kompyuta inakaa yenyewe. Anza na hiyo kujifunzia. Na "I Feel Love" ya Donna Summer, 1977, Giorgio Moroder aliijenga juu ya sinthesaiza, nayo haitakusumbua sana.

Sasa jambo kubwa zaidi. Rimiksi haikuanza kwa kubandika ngoma mpya. Tom Moulton, New York, miaka ya 70 mwanzoni, aliona watu wanakolea tu, wimbo wa dakika tatu unakwisha, wanarudi kukaa. Akaanza kurefusha: anarudia sehemu ya ngoma, anaondoa waimbaji, anawarudisha. Huko ndiko ilikotoka santuri ya inchi 12, yenye nafasi ya kutosha kwa wimbo mrefu na besi nzito. "Ten Percent" ya Double Exposure, 1976, ndiyo ya kwanza kuuzwa madukani kwa umbo hilo; DJ Walter Gibbons aliinyoosha mpaka karibu dakika 10. Vitu vile vile vilivyokuwemo, vimepewa nafasi.

Kwa hiyo mkuu, refusha. Usipambe.

Mzee_wa_Original

Mimi siungi mkono kabisa. Nyimbo za watu muziache. Mnachukua wimbo uliokamilika mnauwekea kelele mnasema "wa kisasa". Piga orijino, wazee watacheza, vijana watazoea.

Fundi_Sakina

Mzee wangu shikamoo. "Rasputin" ya Boney M ni ya 1978. Mwaka 2021 Majestic akaitolea rimiksi, watoto wadogo kabisa wakaiimba kama ya jana. Bila rimiksi wangeijulia wapi?

Mzee_wa_Original

Marahaba. Wangeijulia kwangu, mimi ninayo santuri.

Santuri_na_Kanda

😂 Mzee nakuja kuiona hiyo santuri. Ila kuna ukweli anaousema. Mwaka 1981 kulikuwa na ule mtindo wa Stars on 45 kutoka Uholanzi, vipande vya nyimbo maarufu vimeungwa juu ya makofi na biti moja isiyobadilika mwanzo mpaka mwisho. Uliuza sana. Usikilize leo dakika kumi uone kama hutaomba maji. DJ wetu asiingie huko.

Mama_Kiborloni

Ngojeni niwaambie wanangu, maana mnatupangia wazee na hamjatuuliza. Mimi ni wa umri wa hao maharusi, na disko nimelicheza.

Kwanza, huyo wa dakika 10 atuhurumie. Magoti. Mimi nacheza ubeti mmoja, kiitikio, labda na ubeti wa pili, halafu nataka kukaa ninywe soda. Kurefusha ni kwa ajili ya vijana, si kwa ajili yetu.

Pili, msikate mwanzo wa wimbo. Madijei wa siku hizi wanaingiza ngoma zao nusu dakika, kisha ndipo wimbo unatokea katikati. Mpaka niujue, umekwisha. Sisi mwanzo ndio unaotuinua kwenye kiti. Ile piano ya "I Will Survive" inavyoteremka kabla hajaimba, hapo ndipo namtafuta mzee wangu kwa macho, navuta kitenge, nanyanyuka. Ngoma ikiingia nimeshafika katikati. Ukiikata hiyo piano, umenikuta nimekaa, na hapo sitoki tena.

Tatu, miguu yetu inatafuta ile ngoma kubwa, du du du du, haikosi. Hii amapiano yenu inaruka ruka, mguu unakosa pa kukanyaga.

DJ_wa_Rau

Mama shikamoo. Hili la mwanzo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mimi nilikuwa naweka ngoma tupu mwanzoni ili iwe rahisi kuunga na wimbo uliotangulia.

Mama_Kiborloni

Marahaba mwanangu. Ungia mwishoni.

Santuri_na_Kanda

Mama, shikamoo. Nafuta nusu ya nilichoandika. Na hiyo du du du du ina mwenyewe: mpiga ngoma Earl Young wa Philadelphia, kwenye "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, 1973. Ngoma kubwa kila pigo, na matoazi yakifunguka katikati. Disko zima likajengwa juu ya hapo.

Na piano ya "I Will Survive" usiipange kwenye kompyuta hata kidogo. Haina ngoma, inakwenda kwa pumzi ya mpigaji. Anza kuhesabu ngoma inapoingia. Wimbo wenyewe ulitolewa 1978 ukiwa upande wa B wa santuri, madijei ndio waliougeuza kwa sababu waliona watu wanavyoitikia.

Fundi_Sakina

Basi mpango umeshajiandika. Mwanzo wa orijino bila kuguswa. Ubeti na kiitikio vya kwanza, ongeza ngoma kubwa ya kisasa chini yake tu, kila pigo, kwa sababu za zamani ni nyepesi kwenye spika za leo. Baada ya kiitikio cha pili, waimbaji watoke, besi ibaki peke yake bar nane. Hapo wazee wanaanza kurudi kwenye viti bila aibu na wajukuu wanaingia. Kisha besi itoke, log drum iingie, vipande vya kiitikio vikipita kwa mbali. Mwisho ngoma tupu ya kuungia wimbo unaofuata.

Mama_Kiborloni

Na "Sina Makosa" ya Les Wanyika uweke. Najua si disko. Weka tu.

Santuri_na_Kanda

Hiyo iende bila rimiksi, magitaa yale yanatosha. Na watu wa Arusha watembee vifua mbele: ndugu wa Kinyonga, walioanzisha Simba Wanyika ambayo Les Wanyika ilichipukia, kabla ya kuhamia Kenya walikuwa hapa na bendi yao, Arusha Jazz.

Kalamu_Njiro

Nijibu la YouTube maana limesahaulika. Kila rekodi ina haki mbili: ya aliyetunga wimbo, na ya mwenye rekodi yenyewe. Ukipandisha rimiksi yenye sauti halisi ya Boney M, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo utaikamata, na mwenye haki ataamua: aizuie, au achukue mapato yote ya matangazo. Kuandika "sina haki na wimbo huu" kwenye maelezo hakusaidii chochote. Wala leseni ya kupiga muziki hadharani si ruhusa ya kubadilisha wimbo wa mtu na kuutoa upya. Hivyo ni vitu viwili.

Wakubwa wenyewe wanagongana. Manu Dibango wa Kamerun alitoa "Soul Makossa" 1972, Michael Jackson akatumia kile kiitikio chake, wakamalizana. Baadaye Rihanna akakitumia kwenye wimbo wa 2007, ruhusa ikaombwa kwa Jackson. Dibango akaenda mahakamani Paris 2009. Uliza kwa mwenye mali, si kwa aliyeitumia kabla yako.

Ukitaka kitu cha kupandisha, tunga chako chenye ladha ya disko, mwite mpiga besi wa kweli. Za jubilei zibaki za jubilei.

DJ_wa_Rau

Nimeelewa wakuu. Nimeanza na "Good Times" kama Fundi alivyosema, log drum kwenye E na A, na kweli kuvuma kumeisha. "I Will Survive" naacha piano yote.

Fundi_Sakina

Safi. Zitoe kwa WAV, faili lisilobanwa, usitoe MP3. Halafu zungumza na MC mapema. Mwanzo wa wimbo ukianza, maiki yake iwe imezimwa. MC akianza "wapi shangwe za wakweeee" juu ya ile piano, kazi yako yote imekwenda na maji.

DJ_wa_Rau

MC ni shemeji yake mteja. Na anakuja na maiki yake mwenyewe.

Mama_Kiborloni

Maiki yake si inapita kwenye miksa yako? Shusha.