Kuenea, kueneza au kuzagaa: tusemeje kuhusu silaha?

Mtafsiri wa Ngara

Wapenzi wa lugha, salaam. Nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu kitakachosomwa katika mabaraza ya wananchi kaskazini mwa Kenya, kinachoeleza mikataba ya silaha kuanzia ile ya nyuklia hadi ile ya bunduki zinazovushwa mipakani. Kazi imekwama kwenye neno moja la Kiingereza, "proliferation", lililomo karibu katika kila ukurasa. Niliandika "kuenea" katika sura ya kwanza, "usambazaji" katika ya pili na "kuzagaa" katika ya tatu, na mhariri wangu akanirudishia kazi akiuliza, kwa haki kabisa, kama hayo ni mambo matatu au ni jambo moja. Kwa hiyo sitafuti kisawe tu. Nataka kujua neno hili lilitoka wapi, likaingiaje katika habari za silaha, na kama Kiswahili kina neno moja linaloweza kulibeba popote linapotokea.

Mwalimu Mstaafu

Neno hilo, kijana wangu, halikuzaliwa vitani. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa katika karne ya 19, na Wafaransa walikuwa wameliunda kwa mizizi ya Kilatini: "proles", yaani watoto au kizazi, na "ferre", yaani kubeba au kuzaa. Wataalamu wa viumbe ndio waliolihitaji, ili waeleze jinsi seli au machipukizi yanavyozaana na kuongezeka yenyewe. Mpaka leo daktari anayeeleza uvimbe atalitumia bila kufikiria bunduki hata kidogo.

Katika silaha lilifika kwa kuchelewa. Ireland ndiyo iliyoishughulikia sana, katika Umoja wa Mataifa, hoja ya kuzuia silaha za nyuklia zisifikie nchi nyingi zaidi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na azimio lililopitishwa na Baraza Kuu mwezi Desemba 1961 lilitumia katika kichwa chake neno jingine, "dissemination", ambalo asili yake ni mbegu: kutawanya mbegu. Kufikia azimio la Novemba 1965 mbegu zilikuwa zimeachwa na uzazi umeshika nafasi yake, na ndivyo lilivyoingia katika jina la mkataba wa nyuklia uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 1 Julai 1968 na kuanza kutumika tarehe 5 Machi 1970. Kwa maneno mengine, wanadiplomasia walitoka shambani wakaingia katika chumba cha kujifungulia.

Mabadiliko hayo si madogo. Mbegu za shambani zina mpanzi, lakini seli zinazozaana hazina wa kulaumiwa. Silaha haizai, na kila bomu lina kiwanda chake na mtu aliyelilipia. Hata hivyo, neno lililochaguliwa linatufanya tuione kama ugonjwa unaojiongeza wenyewe mwilini.

Usidhani kila lugha imefuata njia hiyo. Mkataba wenyewe una nakala tano zenye nguvu sawa kisheria: ya Kiingereza, ya Kirusi, ya Kifaransa, ya Kihispania na ya Kichina. Warusi hawakutaja uzazi; walitumia neno lenye shina moja na lile lao la nafasi au anga, kama sisi tulivyopata "eneo" kutokana na "enea". Waarabu nao husema "intishar", kutoka katika shina lile lile lililotupa "nashiri" ya kuchapisha na kutangaza habari. Kwa hiyo "kuenea" kwetu si tafsiri dhaifu, kwa kuwa ina jamaa zake duniani.

Wakili wa Milimani

Namshukuru Mwalimu kwa historia hiyo, lakini kwa upande wa sheria nina tahadhari. Kiingereza kinaweza kuficha mtendaji ndani ya nomino. Kiswahili hakiruhusu hilo, kwa sababu lazima uchague kati ya "enea" na "eneza". Ukisoma ibara za mkataba wa nyuklia utaona kwamba zinawahusu watendaji moja kwa moja. Ibara ya 1 inazikataza nchi zenye silaha hizo kumkabidhi yeyote. Ibara ya 2 inazikataza nchi nyingine kuzipokea au kuziunda. Hapo yupo anayetoa na yupo anayepokea, na hakuna kinachoenea chenyewe. Hata azimio la 1965 alilolitaja Mwalimu lilikitumia kitenzi hicho cha Kiingereza pamoja na yambwa, yaani kitu kinachotendewa, likitaka mkataba usiwe na mwanya wa kuziruhusu nchi *kueneza* silaha, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Ningeandika "Mkataba wa Kutoeneza Silaha za Nyuklia", ijapokuwa magazeti yetu hupenda "kuzuia kuenea".

Kuna jambo la pili ambalo neno la Kiingereza huligubika. Katika mazungumzo ya miaka ile, India ilishikilia kwamba kuna kuongezeka kwa aina mbili: kwa upana, nchi mpya zinapopata silaha, na kwa kimo, nchi zilizokwisha kuwa nazo zinapoongeza ghala zao. Neno la uzazi hubeba aina zote mbili bila taabu, lakini "kueneza" haliwezi. Nchi moja ikiwa na mabomu mia na ikatengeneza mia nyingine, haijaeneza kitu, imelimbikiza. Kijitabu chako kikitaja aina hiyo ya pili, tumia "ulimbikizaji", maana msomaji wa baraza ataelewa mara moja ni nani anayesemwa.

Mwana wa Lamu, South C

Mwalimu, shikamoo. Nami nina machache kuhusu matumizi. Kwanza, tukumbuke kwamba "enea" kwa wazee wetu ina maana ya kutosha sawasawa: kanzu ikimkaa mtu vizuri husemwa imemwenea, na chakula kikiwatosha wageni wote kimewaenea. Ni neno lenye heri kidogo, na mimi huona haya kulifunga na bunduki.

Pili, jihadhari na "uenezi". Kwa jirani zetu wa Tanzania neno hilo ni la siasa, kwani chama tawala kina katibu wa itikadi na uenezi, ambaye kazi yake ni kunadi sera za chama. Afadhali "uenezaji". "Usambazaji" nao ni wa biashara: watu husambaza maziwa, magazeti, na hapa Nairobi hata salio la simu. Ukiandika "usambazaji wa silaha" bila kuongeza "haramu", msomaji anaweza kudhani ni kazi yenye leseni.

Lililobaki ni "zagaa". Kamusi za zamani hulipa pia maana ya kung'aa, lakini leo maana inayotawala ni kutapakaa ovyo, na kwa bunduki za mipakani sioni linalolizidi.

Wakili wa Milimani

Bi. Lamu, "kuzagaa" halina mtendaji, na hapo ndipo ninapopinga. Bunduki hazizagai, huzagazwa na watu.

Mwalimu Mstaafu

Wakili, ahsante kwa hoja, ila hapa Bi. Lamu ana haki. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, wanajeshi waliikimbia kambi ya Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na Wakaramoja, wafugaji wa huko, wakaingia katika ghala wakajichukulia, na baadaye bunduki hizo zikawafikia majirani zao wa upande wetu. Mwaka 1991 ikawa vivyo hivyo, na zaidi, serikali za Somalia na Ethiopia zilipoporomoka katika mwaka mmoja. Utamtaja nani kuwa mwenezaji wa silaha ambazo mlinzi wake amevua sare na kutoroka? Hali hiyo ni kuzagaa. Anayekuja kuzinunua na kuzivusha mpaka, huyo ndiye mwenezaji.

Tena tazama hati zilizotiwa saini papa hapa mjini. Azimio la Nairobi la tarehe 15 Machi 2000, la nchi 10, limelitaja neno letu katika kichwa chake, pamoja na neno "tatizo". Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo ndiyo inayozibana nchi kisheria, haina neno hilo katika jina lake. Ina kuzuia, kudhibiti na kupunguza silaha ndogo ndogo na nyepesi. Walipoeleza hali walitumia jina la hali, na walipojifunga walitumia vitenzi.

Mtafsiri wa Ngara

Nawashukuru nyote. Nitamwandikia mhariri kwamba mambo ni matatu kweli, ingawa Kiingereza kina neno moja: "kueneza" katika sura ya nyuklia, "kulimbikiza" palipo na ghala zinazoongezwa, na "kuzagaa" katika sura ya mipaka, ila panapotajwa wafanyabiashara ambapo nitarudi kwenye "kueneza". Kimebaki kichwa cha kijitabu, ambacho lazima kifunike sura zote.

Mwana wa Lamu, South C

Kiite "Silaha Zinavyofika Mikononi Mwetu", kisha uyaache maneno mengine ndani.