Vitabu vipya vya teknolojia vimefungiwa kabatini, sisi tumebaki na picha za ufunguzi. Hii maktaba ya jamii ni ya jamii ipi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimejizuia wiki tatu nisiandike huu uzi. Jana nimeshindwa.

Huku kwetu uswahilini, Temeke, tuna maktaba ya jamii. Jina silitaji. Mwezi wa nne walizindua "kona ya kidijitali": muziki, mabango, fulana, na watoto wa shule ya msingi wamepangwa juani toka saa mbili asubuhi, mgeni rasmi kafika saa sita. Tukatangaziwa vitabu vipya zaidi ya mia mbili vya teknolojia na maisha ya mtandaoni. Na mimi nilipiga makofi, nakiri.

Jana nikaenda kuazima kitabu kimoja. Kimoja tu! Dada wa mapokezi (sina ugomvi naye, mshahara wenyewe anaudai) akaniambia vitabu vya mradi haviazimwi. Sawa, nisomee hapahapa. Hapana, viko kabatini. Basi fungua kabati. Funguo anazo mratibu. Mratibu yuko wapi? Dodoma, kwenye semina. Semina ya nini? Ya kuhamasisha usomaji.

Nikabaki nimesimama mbele ya kioo nasoma migongo ya vitabu kama mtoto anayetazama chipsi za watu. Vingine havijatolewa hata nailoni. Na karibu vyote ni Kiingereza kitupu: akili bandia, usalama wa taarifa, namna ya kulea mtoto mwenye simu. Mimi nitajikongoja kwa kamusi. Mamalishe wa pale nje getini, ambaye ndiye mwenye mtoto na ndiye mwenye simu, atajikongoja na nini?

Msinione nalia kwa kitabu. Mama mkubwa wangu mwaka juzi alikopa elfu themanini kwenye aplikesheni moja ya mkopo. Alipoipakua ikamwomba ruhusa ya kuona namba zote zilizomo kwenye simu, akabonyeza kubali, kubali, kubali, maana nani alimwambia pale pana mtego? Alipochelewesha siku nne, wakawatumia ujumbe shemeji zake, mchungaji wake na mteja wake wa vitenge kwamba huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Mteja akakata mguu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, yeye alishalipa zamani, na aibu juu. Kitabu chepesi cha Kiswahili, kurasa thelathini, kingemwokoa. Kwa hiyo mtu akiniambia vitabu hivyo ni vya maonyesho, damu inachemka.

Halafu kuna hiyo "programu ya elimu ya kidijitali". Nilihudhuria siku ya usalama mtandaoni. Saa moja na nusu ya slaidi za Kiingereza zinazosomwa neno kwa neno, habari za mafriji yanayoongea na simu. Mafriji! Nyumba zenye umeme wa kuchangia luku watu sita! Hakuna aliyetuambia ubonyeze *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Hakuna aliyetuambia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unausambaza kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Hayo ni dakika kumi, na kila mtu mle ndani angetoka na kitu. Tulitoka na soda na picha ya pamoja.

Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Mlangoni tuliandikishwa jina kamili, namba ya simu, namba ya NIDA na sahihi. Kwa darasa la usalama mtandaoni! Daftari likaachwa wazi mezani, na kijana mmoja nilimwona akilipiga picha kwa simu yake, kisa "ripoti ya mfadhili". Sisemi wao ndio waliotoa namba yangu, lakini wiki ile ile nilianza kupokea jumbe za kushinda bahati nasibu ambayo sijawahi kucheza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitumia kwa kazi gani na azitunze zisivuje. Pengine nayo wanacho kitabu chake, kabatini.

Kompyuta sitazisema sana. Ziko kumi, zinawaka nne, na hizo nne zinatumia Windows 7 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Ukiuliza intaneti unaambiwa bando la mradi limekwisha. Ndugu zangu, Wikipedia ya Kiswahili unaipakua yote kwa Kiwix, programu ya bure ya kuisoma bila intaneti, unaiweka kwenye flashi, watoto wanasoma bila bando hata la mia mbili. Nilijitolea kuwawekea bure. Nikaambiwa niandike barua kwa mratibu.

Nikiwa sekondari nilikuwa napanda daladala hadi Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Vitabu vingine vilikuwa vimechakaa, kurasa zinadondoka, ila nilivitoa mwenyewe rafuni kwa mkono wangu. Kuchakaa maana yake watu walivishika. Hivi vya kwetu vitazeeka vikiwa bikira.

Najua kuna watakaokuja na "shukuru hata mmeletewa". Wakuu, kilicholetwa ni kabati.

Sasa naomba msaada kwa mwenye uzoefu: uliwahi kudai taarifa zako zifutwe kwenye daftari la watu kama hawa? Ulianzia kwao au ulikwenda moja kwa moja Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Barua nimeshaiandika tangu jana usiku. Ninachojiuliza ni kama nimwachie dada wa mapokezi, au naye ataiweka kabatini hadi mratibu arudi kutoka Dodoma.