Naomba ushauri: ng'ombe anazuia maziwa tangu mkamuaji abadilike

Habari zenu wafugaji wenzangu. Nipo Rungwe, nina ng'ombe mmoja chotara wa Friesian, uzao wa kwanza, ndama ana miezi miwili. Mama ndiye aliyekuwa akimkamua, lita 9 kwa siku bila shida. Amesafiri kuuguza, sasa nakamua mimi. Kiwele kinajaa vizuri, lakini nikishapata kama lita 2 anakaza, anainua mguu, basi. Nikimwachia ndama, maziwa yanashuka mpaka povu linamtoka mdomoni. Kumwona ndama akishiba vile kunanifurahisha kweli, ila maziwa hayo ndiyo ada ya wadogo zangu.

Nimekamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia kama ana ugonjwa wa kiwele, hakuna mabonge wala damu. Chuchu hazina jeraha, na matete, pumba na mashudu anakula kama kawaida. Naosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nakikanda, nampa pumba wakati wa kukamua. Hata kanga ya mama nimejifunga, akatulia kidogo tu.

Jirani ananishauri sindano ya oksitosini ya kushusha maziwa. Naogopa asije akaizoea.

Waliopitia hili, naombeni mnisaidie: nikimtanguliza ndama anyonye kidogo kabla ya kukamua, baadaye nitamwachishaje bila maziwa kukata? Na kuna aliyetumia sindano hiyo kwa muda mfupi, ng'ombe akarudi kushusha mwenyewe?

Natanguliza shukrani.