Tupeane uzoefu: Gari dogo la 4x4 kwenye safari ndefu za porini

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Kila anayeuliza habari za safari ya porini anaambiwa atafute Land Cruiser. Wengi wetu hatuna. Tuna Escudo, RAV4, Jimny, Pajero iO, na bado tuna wakwe Chunya na mashamba Mpanda. Naomba tuwekane hapa: ulienda wapi, na gari gani, yakakukuta yapi. Nianze mimi.

Langu ni Escudo ya 2006, injini ya lita 2, ile yenye swichi ya kuchagua namna magurudumu manne yanavyosukuma: 4H, 4H Lock na 4L Lock (hii ya mwisho ndiyo gia nzito). Mwezi wa nane mwaka jana nilitoka Dodoma na mke wangu na watoto wawili kwenda Mbeya, tukapita Itigi na Rungwa badala ya kuzunguka Iringa. Wanaoijua njia hiyo wanajua. Kutoka Mkiwa hadi Makongolosi ni zaidi ya kilomita 400, na ukiacha vipande vyenye lami, ni vumbi kupita vichaka vya Itigi, kisha Pori la Akiba Rungwa.

Kosa nililifanya kabla hata ya kuiona vumbi yenyewe. Manyoni tulinunua ndoo ya asali ya lita 20. Njiani tukaongeza madumu matatu ya mafuta ya alizeti, ya lita 20 kila moja, maana huwezi kufika ukweni mikono mitupu umetokea Singida. Asali ni nzito kuliko maji, ndoo ile peke yake inakaribia kilo 28. Juu ya keria kulikuwa na masanduku, magodoro ya watoto na dumu la petroli. Gari likakaa kitako, pua juu. Itigi fundi wa pancha akanishauri nijaze upepo 40 (psi) kwa kuwa mzigo ni mwingi. Nikaona ana maana.

Baada ya Mitundu barabara ikageuka bati la mgongo, vituta vidogo vimepangana kilomita baada ya kilomita. Na upepo 40 tairi lilikuwa gumu kama gogo, kila kituta kinaingia moja kwa moja mgongoni. Mkia wa gari ukawa unateleza kushoto na kulia. Kisha nikasikia mguu wa keria unagonga, na dakika chache baadaye tairi la nyuma kushoto likapasuka ubavuni. Si pancha ya msumari. Ubavu ulichanika nikaweza kupitisha vidole vitatu.

Tairi la spea la Escudo liko mlangoni nyuma, hilo halikunisumbua. Jeki ndiyo ilikuwa chini ya kila kitu. Tulishusha asali, mafuta, mabegi, huku mbung'o wametuzunguka. Anayewajua mbung'o ananielewa: anatua kimyakimya, mabawa ameyakunja moja juu ya jingine kama mkasi, na ukimpiga kofi anainuka tena kama hakuguswa. Wanafuata gari linalotembea, na gari langu ni la buluu, rangi wanayoipenda. Watoto walibaki ndani, vioo vimefungwa, jua la saa saba. Jeki ikazama kwenye vumbi mara mbili. Mke wangu akatoa kibao cha kusukumia chapati, cha mninga, alichokuwa anampelekea mama yake, akakiweka chini ya jeki. Ndicho kilichotuinua. Kimebaki na alama ya duara katikati na mama mkwe anakitumia hivyo hivyo.

Alisimama mzee mmoja wa lori. Hakuuliza habari za injini. Alizunguka gari, akabonyeza matairi kwa kiatu, akasema, "Kijana, umelibebesha." Akachukua madumu mawili ya mafuta na ndoo ya asali kwenye lori lake atuachie Makongolosi, akanishushia upepo hadi 26, akaniambia nisizidi 60. Lile gari likawa jingine kabisa. Tulivuka Rungwa yote watoto wamelala. Na mzigo wetu tuliukuta dukani alipoahidi, hata kifuniko hakijaguswa. Mzee yule Mungu amtunze.

Karibuni.

Dada wa Arusha

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi nina RAV4 ya zamani, ya 1998, manyuo, yenye kitufe cha kufunga difu ya kati ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja. Haina gia nzito ya 4L. Nilikwenda nalo Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu, Selela na Engaruka, tukiwa wanawake watatu.

Njia ile ina vumbi la volkano kutoka Ol Doinyo Lengai, laini kama sembe, linajaza mashimo usiyaone. Na kuna makorongo ya mchanga. Korongo la kwanza niliingia vizuri, katikati nikaogopa nikakanyaga breki. Hapo hapo tumekwama. Kila nikiachia klachi tairi linachimba, na kwa kuwa sina 4L nilikuwa nailazimisha klachi mpaka ikanuka. Nikazima. Tulikaa kivulini nusu saa ipoe, hilo ndilo jambo la akili tulilofanya siku ile.

Halafu tukashusha upepo matairi yote manne hadi 18 na kufukua mchanga mbele ya kila tairi kwa mikono na sahani. Nikaweka gia ya pili na kuondoka polepole bila kuguna. Likatoka kama liko kwenye lami.

Sasa msikilize hili dada na kaka zangu: ukishusha upepo lazima uwe na pampu ya kuurudisha, na ukifika kwenye mawe urudishe. Pampu yangu ya kwanza nilichomeka kwenye tundu la kuchajia simu, fyuzi ikaungua tairi la pili tu. Nunua inayoshikwa na klipu moja kwa moja kwenye betri. Na beba kipimo chako cha upepo mwenyewe, kipimo cha barabarani usikiamini.

Mkaaji wa Nanyuki

Salamu kutoka Kenya. Wenzangu mnasema mzigo, nami nakubali kabisa, lakini nitoe upande wa pili: wepesi wa gari uliniokoa.

Nina Jimny ya 1.3. Mimi na binamu yangu tulipanda hadi Laisamis kwa lami, tukakata kushoto kuelekea Sarima na Loiyangalani. Barabara hiyo ya kilomita 208 ilitengenezwa upya wakati wa kujenga mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365. Unaiona imesimama kwenye kilima mmoja baada ya mwingine na unaelewa kwa nini iliwekwa pale. Nilifungua mlango bila kuushika, upepo ukaunyakua, bawaba ikapinda. Tangu siku hiyo naegesha pua ikitazama upepo.

Kutoka hapo kushuka ziwani ni mawe meusi ya volkano, makali. Hapo usishushe upepo sana, tairi likilegea ubavu unakatwa. Tulienda kilomita 20 kwa saa na ziwa liko mbele linabadilika rangi.

Kurudi tulipitia North Horr na Jangwa la Chalbi. Uso wake mweupe wa chumvi ulikuwa mkavu, umepasukapasuka, unavutia kukimbia. Hatukujua kwamba mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani. Chini ya ganda kulikuwa na tope. Jimny ikapasua ganda ikalala kwa tumbo. Tulichimba saa nne. Waliotutoa ni wachungaji wa Kigabra waliokuwa na ngamia zao. Tulishusha kila kitu, tukawa wanaume sita, tukainua upande wa nyuma tukausogeza, kisha wa mbele. Gari la tani mbili na nusu lingekuwa pale hadi leo. Mzee mmoja wao alituonyesha kwa fimbo: fuateni nyayo za magari ya jana, msitafute njia yenu. Tulifuata.

Mswahili wa Adelaide

Ndugu zangu, nasoma hapa nikiwa Australia Kusini na naona tunasumbuliwa na jambo moja, uzito wa mzigo. Huku bara la ndani wanaliita Outback na watu wanaliingia na Jimny kila siku. Langu ni lile jipya la milango mitatu. Nimepita njia ya Oodnadatta, kilomita kama 620 za vumbi kutoka Marree hadi Marla, ikifuata reli ya zamani.

Kabla ya kuondoka nilikaa na karatasi. Gari tupu ni karibu kilo 1,090. Kikomo chake likiwa limepakiwa ni 1,435. Kilo 345 zimebaki. Mimi na mke wangu tunachukua 150. Maji lita 40, kilo 40. Petroli ya akiba lita 20, kilo 15. Hema, friji ndogo, spana, tairi la spea la pili, chakula, tayari umefika. Na juu ya paa mtengenezaji anaruhusu kilo 30 tu! Niliacha keria nyumbani. Friji pia ilirudi ndani ya nyumba, tukala maharage na mikate.

Tangi ni lita 40. Kwa bahati njia ile ina mafuta Marree, William Creek, Oodnadatta na Marla, kila kipande kama kilomita 200. Tulijaza kila kituo bila kuuliza bei.

Simu haishiki mtandao. Watu hutumia redio za mawasiliano za UHF, na madereva wa malori wako chaneli ya 40. Malori yenyewe kwenye barabara kuu yana tela tatu, mpaka mita 53.5. Likija mbele na gari jepesi, shika usukani kwa mikono miwili, upepo wake unakusukuma kweli. Usiku hatuendeshi: kangaruu, ng'ombe, ngamia. Ndiyo, ngamia wa porini wapo. Waliletwa karne ya 19 pamoja na wachungaji wao Waislamu, na Marree walijenga msikiti. Nilisimama pale nikaswali rakaa mbili, nikawaombea watu wale waliovuka jangwa lote hili kwa miguu.

Jambo la mwisho, hili sitanii: gari likiharibika, usiliache. Kaa nalo, kaa kivulini, kunywa maji. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Fundi wa Tabora

Mimi nitasema kwa kifupi, natengeneza haya magari. Yanayoletwa kutoka porini mengi injini ni nzima. Kilichokufa ni shokapu, bushi, hosi ya rejeta, mabano ya ekzosi. Siku moja kabla ya safari ingia chini ya gari, shika kila nati kwa mkono. Filta ya hewa ipukute kila jioni.

Na kitu ambacho hakuna aliyekitaja: nyasi. Ukipita njia yenye nyasi ndefu kavu, mbegu zinaziba rejeta na majani yanajikusanya juu ya ekzosi. Nimeona gari limeungua hivyo. Funga kipande cha chandarua mbele ya rejeta, na kila kilomita 20 za nyasi simama uchungulie chini.

Dada wa Arusha

Fundi, asante sana, la chandarua sikulijua. Mleta mada, ile keria bado iko juu?

Mleta mada

Nimeishusha dada. Jeki nayo sasa iko chini ya kiti cha dereva, pamoja na ubao wake. Mwezi wa saba tunakwenda Liwale kupitia Nangurukuru. Aliyepita hapo baada ya masika, tafadhali atuambie mchanga ukoje na kituo cha mwisho cha mafuta kiko wapi.