Authen::Libwrap imegoma kuingia kwenye Debian 12

fundi_moro:
Wakuu, habari za jioni. Nimerithi seva ya chuo kimoja hapa Morogoro. Ndani yake kuna skripti ya Perl inayopokea mahudhurio kutoka kwenye mashine za alama za vidole. Tatizo inapokea kutoka kwa yeyote aliye kwenye mtandao wetu. Wiki jana kuna mwanafunzi "alihudhuria" saa tisa usiku. Nataka zipokelewe mashine tatu tu, 192.168.10.21 hadi 23, kwa kutumia /etc/hosts.allow, ile faili ya wanaoruhusiwa kuingia. Naandika `cpan Authen::Libwrap` kuingiza moduli ya Perl itakayoisoma faili hiyo, inapakua vizuri, ikifika kwenye kukompaili inakata: faili ya `tcpd.h` haionekani. Nimerudia mara nne, ya nne kwa sudo (mamlaka ya msimamizi) kama vile sudo ni dawa ya kila homa.

mzee_wa_terminali:
Mkuu, moduli haina kosa. Yenyewe ni daraja tu kati ya Perl na libwrap, maktaba ya C ya TCP Wrappers, inayochuja nani aingie kwenye huduma, aliyoiandika Wietse Venema. Maktaba unayo, ila faili za kujengea huna.

`apt install libwrap0-dev build-essential`

Halafu rudia cpan. Ungekuwa kwenye RHEL 8 (Linux ya Red Hat) ningekupa pole, huko walishaiondoa.

kijana_wa_nft:
Mwaka huu bado kuna mtu anahangaika na hosts.allow? Weka nftables, ukuta wa moto wa Linux, ulale.

fundi_moro:
@kijana_wa_nft nakuelewa, lakini nataka skripti yenyewe iandike kwenye logi imemkataa nani, na ninayemwachia zamu wikendi anachojua ni nano, kihariri cha maandishi, basi.

@mzee Mungu akubariki, imeingia! Kwenye hosts.allow nimeweka:

`mahudhurio: 192.168.10.21 192.168.10.22 192.168.10.23`

Kisha nikawafungia mlango wengine wote kwenye faili ya wanaokataliwa:

`printf 'mahudhurio: ALL' > /etc/hosts.deny`

Lakini laptop yangu, yenye 192.168.10.87, bado inapita kama ya kwao. Nimekwama.

dada_logi:
Jina unaloipa `hosts_ctl` (ile ya kuuliza kama mteja aruhusiwe) ndani ya skripti ni hilohilo "mahudhurio"?

fundi_moro:
Hilohilo dada, herufi kwa herufi.

mzee_wa_terminali:
Ni hiyo printf yako. Haimalizii na mstari mpya. libwrap ikikuta mstari ambao haukufungwa kwa Enter, inauruka. Na mteja asiyeguswa na kanuni yoyote kwenye faili zote mbili, anaruhusiwa. Yaani hosts.deny yako imejaa kwa macho tu. Chungulia logi kwa journalctl, utakuta "missing newline or line too long".

Halafu siku ukitaka kuandika `ALL: ALL` (kataa wote, huduma zote) humo, tanguliza sshd, huduma ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwenye hosts.allow. sshd ya Debian 12 nayo inasoma faili hizo. Mimi nilishawahi kupanda bodaboda usiku kwenda kuifungulia seva niliyojifungia nje.

fundi_moro:
Lo! Onyo lipo, tena limejirudia mara 31, mimi nilikuwa sijafungua logi hata siku moja. Nimefungua hosts.deny kwa nano, nikahifadhi bila kugusa herufi. Nano imeongeza mstari yenyewe. Papo hapo .87 imekataliwa na .22 inapita, wala sikuizima skripti.

Kumbe huyo wa zamu na nano yake asingepatwa na haya. Simwambii.